Skrubu na nati za mbao kwa mkono: kutengeneza jiliwa ya benchi kuanzia hesi yake

Anza na nati. Wengi huanza na skrubu kwa sababu ndiyo inayoonekana, wakaichonga vizuri, kisha wakahangaika kutafuta tundu litakaloikubali. Skrubu iliyobana unaipunguza kwa tupa wakati wowote, mahali popote palipobana. Nati iliyochimbwa kupita kiasi haina dawa, unaitupa na kutafuta ubao mwingine.

Tunachotengeneza hapa ni skrubu ya mbao tupu, unene wa karibu mm 40, ya kuendeshea jiliwa (kibano cha kushikia mbao) ya benchi la seremala. Hesi yake inakatwa bila mashine. Unene huu si wa kubahatisha: chini ya mm 25 matuta ya hesi yanakuwa membamba mno kuchongwa kwa patasi, na juu ya mm 50 kukeketa tundu kwa mkono ni adhabu.

Vipimo kabla ya msumeno

Hesi ni tuta na mfereji vinavyozunguka skrubu, kama matuta ya shamba. Umbali kutoka kilele cha tuta hadi kilele cha tuta la jirani tuuite mwendo, maana ndio umbali ambao skrubu inasonga ikizunguka mara moja. Vipimo vyetu ni hivi:

Mwendo: mm 10.
Pembe ya mfereji: nyuzi 90.
Kina cha mfereji: mm 4.5, kwenye nati na kwenye skrubu vilevile.
Tundu la nati kabla ya kukata hesi: mm 32 (biti ya inchi moja na robo inatosha).
Kipenyo cha mche wa skrubu (fimbo ya mviringo kabla ya kukatwa hesi): mm 39.5.
Unene wa nati: mm 60.

Hapo pana mtego unaowanasa hata mafundi wazuri. Mtu anajiambia: tundu ni 32, skrubu ni 40, tofauti ni 8, basi kina ni mm 4 kila upande. Anakata, na skrubu inagoma kuingia hata kidogo. Sababu ni kwamba mfereji wenye pembe ya nyuzi 90 na kina cha mm 4 una upana wa mm 8 mdomoni, kwa hiyo kilele cha tuta la skrubu kinabaki na ubapa wa mm 2. Chini ya mfereji wa nati kuna ncha kali isiyo na upana wowote. Ubapa wa mm 2 hauwezi kukaa ndani ya ncha. Kwa vipimo vyetu ncha ya mfereji wa nati inafika kipenyo cha mm 41, skrubu inaishia mm 39.5, na ubapa wa kilele ni mm 1. Tuta linapata nafasi ya nusu milimita kwa jumla kati ya kuta za mfereji. Hiyo nusu milimita ikumbuke, tutairudia.

Mbao

Inatakiwa mbao ngumu, ya nyuzi laini zilizonyooka, iliyokauka kabisa. Mpera ni mzuri kuliko sifa yake: mgumu, nyuzi zimeshikana, na matawi ya unene unaofaa yanapatikana bure wakati wa kupogoa. Mchungwa na mlimau ni wa aina hiyohiyo. Mzeituni mwitu unatoa skrubu ya kudumu, ila unachosha mkono. Mninga unafaa sana kwa nati kwa sababu hauchezicheki ukishakauka. Mvule na mkangazi usiguse kwa kazi hii: nyuzi zake zinapishana kulia na kushoto, na tuta likipita mahali zinapogeuka linamomonyoka. Mtiki una mafuta yake wenyewe na unateleza vizuri, lakini unakula makali ya kisu na tuta lake hukatika ghafla. Paini na mkabela ziache kwa masanduku.

Mche wa skrubu upasue kwa shoka badala ya kuuchana kwa msumeno. Mpasuko unafuata nyuzi, msumeno unafuata mstari wa penseli. Nyuzi zikitoka nje kwa mshazari upande mmoja wa mche, matuta ya upande huo yatakuwa ya kwanza kubanduka.

Nati inakeketwa kupitia uso wa ubao, nyuzi zikiwa zimelala kukata njia ya tundu. Ukikeketa kwenye kichwa cha ubao, kufuata nyuzi, kila tuta ndani ya tundu litakuwa la nyuzi fupi pande zote na litasukumwa nje kama biskuti siku ya kwanza ya kukaza. Kwenye skrubu hatuna hiari, nyuzi lazima ziende na urefu. Ndiyo maana tumechagua pembe pana ya nyuzi 90 na kilele bapa, ili tuta lenye nyuzi fupi liwe na kitako kipana.

Kuhusu ukavu: miche ikatwe minene, mm 50 au zaidi, ikae kivulini mpaka uzito wake uache kupungua ukiupima wiki hadi wiki. Mbao iliyokaushwa Tanga au Mombasa ikipelekwa Dodoma au Nairobi itasinyaa tena, na haisinyai sawasawa. Mche wa mviringo unageuka kuwa wa umbo la yai.

Tapi

Tapi, kifaa cha kukatia hesi ndani ya nati, ndiyo moyo wa kazi yote. Kanuni yake ni ya kale: Heron wa Aleksandria alieleza kifaa cha kukata hesi ndani ya nati ya mbao katika karne ya kwanza, na maelezo yake yametufikia kwa tafsiri ya Kiarabu. Mche wa mbao umechorwa njia ya msumeno inayozunguka, bamba jembamba la chuma limeingia ndani ya njia hiyo, na kisu kidogo kimesimama mbele. Ukizungusha mche, bamba linaulazimisha usonge kwa mwendo uleule, na kisu kinachimba.

Chonga mche wa mm 31.6, urefu mm 400. Uingie kwenye tundu la mm 32 bila kulegea wala kubana. Kuanzia puani, yaani ncha inayotangulia kuingia, pima mm 90, hapo patakaa kisu. Acha mm 40 nyuma yake, halafu mm 160 zinazofuata ndizo za njia ya bamba. Sehemu inayobaki ni ya mpini: toboa tundu la mm 16 na upitishe fimbo ngumu ya mm 400.

Kuchora njia: zungushia karatasi kwenye mche, weka alama inapokutana, ikate. Upana wake utakuwa kama mm 99. Kwenye kingo zote mbili weka alama kila mm 10. Unganisha alama ya sifuri ya kushoto na alama ya kwanza ya kulia, ya kwanza na ya pili, hivyo hivyo mpaka juu. Ukiifunga kwenye mche, mistari inakutana na kuwa mmoja unaopanda. Mche ukiwa umesimama mbele yako, mistari ipande kuelekea kulia, hiyo ndiyo hesi ya kawaida inayokazwa kwa kuzungusha kama mshale wa saa.

Karatasi usiibandike kwa gundi ya maji. Ikilowa inatanuka, na alama zako za mm 10 zinakuwa 10.1 bila wewe kujua. Tumia gundi ya mpira iliyopakwa nyembamba au tepu ya pande mbili, kisha pima tena ikiwa tayari imekaa: alama kumi zitoe mm 100 kamili.

Kata njia kwa msumeno wa meno madogo wenye mgongo, kina mm 3. Funga kibanzi cha mbao ubavuni mwa msumeno ili usizame zaidi ya hapo. Kata kidogo, zungusha mche, kata tena. Usijaribu kufuata mstari kwa pigo refu, msumeno ni bapa na mstari umejipinda.

Bamba la kuongoza likate kwenye msumeno mkuukuu ambao unene wake unajaza njia bila kucheza. Msumeno uliokata njia una meno yaliyotawanywa, kwa hiyo bamba la msumeno huohuo litalegea. Jaribu mabamba mawili matatu. Kwenye ukingo wa bamba chonga kwa tupa upinde wa nusu kipenyo cha mm 13, ukumbatie robo tu ya mzunguko wa mche. Ukikumbatia nusu nzima litakwama, kwa sababu bamba ni bapa na njia inapanda.

Sasa chukua vipande viwili vya mbao: kimoja ni nati yenyewe, mm 100 kwa 150, unene mm 60, kingine ni kiongozi, unene mm 50. Vyote vikeketwe mm 32. Ukifika karibu kutokea upande wa pili, ncha ya biti ikichungulia, geuza ubao umalizie kutoka huko, la sivyo mdomo wa tundu utachanika. Vifunge juu ya ubao mmoja, vikitazamana, na nafasi ya mm 40 kati yake. Kabla ya kukaza skrubu za chuma pitisha mche wa tapi kwenye matundu yote mawili, ndio unaoyaweka kwenye mstari mmoja. Bamba likae kwenye uso wa nje wa kiongozi, na liinuliwe upande mmoja kwa kabari nyembamba lifuate mshazari wa njia: milimita moja kwa kila mm 10 za upana wake.

Kisu

Patasi ya zamani ya mm 10 au kipande cha tupa bapa iliyokwisha makali kinafaa. Kiwe na upana wa mm 10, unene wa mm 4 na urefu wa mm 24. Kisage polepole ukikichovya majini kila mara. Kikibadilika rangi kuwa buluu ncha imelainika, isage mpaka uivuke sehemu hiyo. Chuma cha tupa kina udhaifu wa kuvunjika, kwa hiyo kiweke kwanza kwenye oveni ya nyuzi joto 200 kwa saa moja.

Ncha yake iwe ya nyuzi 90 kamili, ipime kwa kona ya bapa la mraba. Uso unaokata uegemee nyuma kidogo, nyuzi 5 hadi 10, na migongo ya makali yote mawili isagwe ipungue nyuzi 15. Kisu kisichopungua nyuma ndicho kinachosugua badala ya kukata, na ndicho chanzo cha malalamiko mengi ya kwamba tapi ya mbao haikati.

Toboa kwenye mche tundu la pembe nne la mm 10 kwa 7, kina mm 24. Kisu kinachukua mm 4, kabari ya mbao ngumu mm 3. Mbele ya uso wa kisu chonga kibonde kama kijiko cha chai ili maranda yapate pa kwenda.

Kukata nati

Saa chache kabla, paka mafuta ya kitani ndani ya tundu la nati yakanyonywe. Nyuzi zilizolowa mafuta hukatika, zilizokauka hupasuka. Nyuma ya nati funga ubao taka wenye tundu la mm 32 ili mdomo wa kutokea usibanduke.

Ingiza tapi kupitia kiongozi mpaka mahali pa kisu pafike kwenye ile nafasi ya mm 40. Pua tayari imo ndani ya nati. Hapo ndipo weka kisu, ukitanguliza kadibodi nyembamba ya boksi la dawa ya meno chini yake, kisha gonga kabari. Kadibodi hiyo huwa na unene wa karibu mm 0.4, pima yako. Zungusha tapi mpaka kisu kitokee upande wa pili, safisha maranda kwa brashi, rudi kwa kuzungusha kinyume, ongeza kadibodi, nenda tena.

Pasi tisa za kadibodi zinakupeleka mm 3.6. Kadiri mfereji unavyozama ndivyo kisu kinavyokata kwa upana zaidi, kwa hiyo kutoka hapo tumia karatasi za kawaida mbili mbili, ambazo ni mm 0.2, mpaka ufike 4.5. Kumbuka kupima kutoka ukuta wa tundu. Mche wa tapi wenyewe umepungua mm 0.2 kila upande, ziongeze. Mpaka mwisho tapi itakuwa imepita kama mara 14, mizunguko karibu 280 kwenda na kurudi. Ukisikia mkono umekuwa mzito ghafla usilazimishe: ama maranda yamejaa kibondeni, ama umeweka kadibodi mbili.

Ndani ya nati kilele cha tuta kitabaki na ubapa wa milimita moja. Ukiona kimekuwa kikali kama wembe, tundu lako lilikuwa kubwa kuliko biti ilivyodai au umepita kina.

Skrubu

Mche wa mm 450. Kama huna kerezo (mashine ya kuchongea vitu vya mviringo), anza na mraba wa mm 41, randa kona mpaka upate pembe nane (alama mm 12 kutoka kila ukingo), halafu kumi na sita, halafu mviringo. Malizia kwa kukwangua hadi mm 39.5. Pima kwa kalipa kila mm 50, kila mahali mara mbili kwa kukatisha, ili uligundue umbo la yai mapema.

Chora karatasi kama ya tapi, safari hii upana ni kama mm 124, kwa rula ileile uliyochorea tapi. Rula mbili za duka moja zinaweza kutofautiana. Hesi iwe mm 280. Chora mstari wa mfereji kwa penseli nyeusi, na mstari wa kilele katikati yake, mm 5 pembeni, kwa rangi nyekundu. Mstari mwekundu usiguswe mpaka kazi iishe.

Kata mstari mweusi kwa msumeno, kina mm 4.2. Kisha patasi ya mm 20: anzia nusu milimita kutoka mstari mwekundu, shuka kwa nyuzi 45 mpaka chini ya njia ya msumeno. Siku zote kutoka kileleni kwenda chini. Ukichonga kutoka chini kupanda, patasi itaingia chini ya nyuzi na kuling'oa tuta zima. Geuza mche, fanya ukuta wa pili.

Kusawazisha, tumia tupa ya pembe nne. Kona yake ni nyuzi 90, kwa hiyo ukiilaza kwa kona ndani ya mfereji inakupa pembe sahihi bila kupima. Zungusha mche kwa mkono wa kushoto huku tupa ikienda, mpaka kina kifike 4.5. Tengeneza kigezo cha bati chenye jino la pembe hiyo na ukipitishe kila mzunguko.

Mwisho wa mche upunguze hadi mm 32 kwa urefu wa mm 70 uingie kwenye kichwa cha mm 75 kwa 75 ulichokitoboa kwa biti ileile. Gundi, kabari kutoka juu, halafu tundu la mm 20 la mpini.

Kuoanisha

Mwanzo wa hesi ukate mshazari, zungusha kwa vidole. Inaingia mizunguko miwili mitatu kisha inabana? Hilo karibu kila mara ni kosa la mwendo, wala si unene. Pima matuta kumi ya skrubu: yakitoa mm 101 badala ya 100, kila mzunguko umezidi mm 0.1. Nati ya mm 60 ina mizunguko sita, kosa linajikusanya kuwa mm 0.6, na nafasi tuliyoacha ni 0.5. Dawa ni kupunguza ukuta mmoja wa matuta, ule wa upande wa kichwa, kwa tupa, au kupunguza unene wa nati hadi mm 45. Nati nyembamba inayozunguka ni bora kuliko nene iliyokwama.

Ikibana mahali pamoja kila mzunguko, mche ni yai. Ikibana bila mpangilio, saga chaki, paka ndani ya nati, ingiza na utoe: penye weupe kwenye skrubu ndipo pa kukwangua. Usitie nguvu kwa mpini hata kidogo katika hatua hii. Tuta likikatika kipande chake kinabaki ndani na kusaga mengine.

Tuta dogo likibanduka kwenye skrubu iliyokamilika, libandike kwa gundi siku hiyohiyo. Pengo la robo mzunguko halidhuru kitu, maana mzigo unabebwa na matuta sita.

Paka mafuta ya kitani skrubu na nati, acha siku tatu, kisha sugua nta ya nyuki au mshumaa kwenye hesi ukiwa unaizungusha. Grisi iepuke: inashika vumbi la msumeno na kuwa msasa. Masika yakiingia skrubu inaweza kuwa nzito. Ongeza nta tu, usishike tupa, kwa sababu kiangazi italegea ulivyopunguza.

Tapi ihifadhi pamoja na kisu chake na rundo la kadibodi ulizotumia, ukiwa umezipa namba 1 hadi 14 kwa mpangilio. Nati ya pili itakamilika kwa nusu ya muda wa kwanza.